Marmottan: makumbusho madogo ya kumtazama Monet bila haraka

Wanafunzi wangu wa uchoraji wakipata safari ya Paris huniuliza waanzie wapi, na wengi hutegemea niwatajie makumbusho makubwa ya Louvre. Mimi huwaelekeza Musée Marmottan Monet, jumba lililojificha kwenye mitaa ya wenye nazo, si mbali na kituo cha metro cha La Muette. Lilikuwa makazi ya Paul Marmottan, aliyefariki 1932 na kuliachia taasisi ya sanaa ya Ufaransa. Likafunguliwa kwa umma 1934. Mwenyewe alipenda samani na picha za enzi za Napoleon. Michoro ya Impreshonisti, wachoraji wa karne ya 19 waliochora mwanga wa kitambo kwa miguso ya haraka ya rangi, ililetwa na wengine, hasa Michel, mwana wa mchoraji Claude Monet, aliyerithisha kazi zaidi ya 100 mwaka 1966.

Watu huenda kuona mchoro wa Monet uitwao Impression, soleil levant (Taswira, jua linachomoza), bandari ya Le Havre alfajiri, 1872. Ni mchoro mdogo, sm 48 kwa 63. Uliibwa 1985 na majambazi wenye silaha, ukapatikana kisiwani Corsica 1990. Siku hizi huazimwa pia. Mwaka 2024 ulikuwa makumbusho ya Orsay, hapohapo Paris, kisha Washington. Kwa hiyo ulizia kwanza kama upo, usije ukakuta ukuta.

Ukishaufikia, tazama jua. Linaonekana kama linatetema. Mchoraji anayeanza angelitia njano na nyeupe ili liwake, likaishia kuwa doa. Monet alifanya kinyume: Margaret Livingstone, mtaalamu wa ubongo wa Harvard, alionyesha kwamba mng'ao wa jua lile unakaribiana sana na wa anga inayolizunguka. Jaribu mwenyewe nyumbani. Fungua picha yake kwenye simu, iondoe rangi ibaki nyeusi na nyeupe, na jua karibu litoweke. Jicho linapata rangi ya chungwa iliyokolea kwenye buluu na kijivu, lakini tofauti ya mwanga na kiza haliipati, ndiyo maana linashindwa kuliweka jua mahali pamoja.

Shuka chini, kwenye ukumbi wa michoro mikubwa ya Giverny, kijiji alikokuwa na bustani yake Monet. Kuna madaraja ya Kijapani yaliyojaa wekundu na kahawia, hata daraja lenyewe inabidi ulitafute. Monet alikuwa na mtoto wa jicho, aliyegunduliwa 1912. Alikubali upasuaji 1923 tu. Ila sikubaliani na wanaoweka kila kitu kwenye ugonjwa. Alisoma majina kwenye mirija ya rangi na kuzipanga kwa utaratibu uleule, alijua anachokichovya. Isogelee turubai uone rangi ilivyorundikwa, kisha rudi nyuma taratibu mpaka tao la daraja lijitokeze.

Watalii wengi huishia hapo, jambo linaloniudhi, maana hazina nyingine ya nyumba hii ni mchoraji Berthe Morisot, mwanamke pekee kwenye maonyesho ya kwanza ya Waimpreshonisti, 1874. Mtafute mumewe, Eugène Manet, alivyochorwa naye kisiwani Wight, Uingereza, mwaka 1875, ameketi dirishani akichungulia nje. Kuna vyungu vya maua, uzio, kisha mwanamke na mtoto wanaopita kando ya maji. Uso wa mwanamke yule umezibwa na upau wa dirisha. Morisot angeweza kumsogeza kidogo tu tukamwona. Hakumsogeza, na kwa ujasiri huo mimi namweka juu ya wengi waliotundikwa ghorofa ya chini.