Kupiga mto hakumalizi hasira
Jamani hii ya kwamba ukiwa na hasira uzitoe, piga mto, bamiza mlango, ukizibana utalipuka, tumeisikia tangu utotoni na naelewa kwa nini tunaiamini maana ukishabamiza ule mlango kuna raha flani unaisikia.

Ila mwaka 2002 mwanasaikolojia Brad Bushman wa Marekani aliwachukua wanafunzi 600 wa chuo, wakaandika insha, wakarudishiwa imepondwa vibaya, yaani eti ni kati ya insha mbovu kabisa. Kundi moja likapiga begi la ndondi huku likimuwaza aliyewaponda, lingine likakaa tu kimya dakika 2. Baadaye walipopewa nafasi ya kumpigia yule mtu makelele masikioni, waliopiga begi huku wakimuwaza ndo walikuwa wakali zaidi na hasira zao zilikuwa juu kuliko wote, waliokaa kimya ndo wapole.

Mwili ndo unachochea: moyo unadunda, ngumi imekaza, na kichwani bado unamtafuna yule yule. Kupumua taratibu kunashusha hasira. Na simaanishi ukae na kinyongo, kumwambia mtu kwa utulivu "umeniumiza" ni kitu tofauti kabisa.