Nani amelaaniwa? Mwanzo 3 hadi 9 kwa Kiebrania

Dhana: Hawa alidanganywa akiwa peke yake, Adamu akaja baadaye.

Mwanzo 3:6 inasema mwanamke alimpa mumewe *imah*, yaani aliyekuwa pamoja naye. Katika tafsiri ya Kilatini ya Jerome neno hilo halimo, na tafsiri hiyo ndiyo iliyosomwa Ulaya Magharibi kwa karne nyingi. Huenda ndiyo maana picha ya Hawa akimtafuta mumewe bustanini imekita mizizi.

Wingi nao unasaidia. Katika 3:4 nyoka anasema "hamtakufa", na Biblia ya Kiswahili ya Union Version imeuhifadhi wingi huo vizuri. Agizo lenyewe la kutokula, katika 2:17, liko katika umoja wa kiume, kwa sababu mwanamke anaumbwa baadaye, katika 2:22. Lakini wingi peke yake hauthibitishi kwamba Adamu alisimama pale. Mtu mmoja anaweza kuambiwa jambo linalowahusu wawili. Kinachothibitisha ni *imah*.

Msomaji wa Kiswahili anaingia katika masimulizi haya akiwa na faida kubwa. Kiebrania hupanga matukio kwa mnyororo wa vitenzi unaofanana sana na -ka- yetu: *vatikah, vatokhal, vatiten, vayokhal*, akatwaa, akala, akampa, akala. Ila kiambishi chetu a- hakionyeshi jinsia. Kiebrania kinaionyesha: *vatokhal* ni mwanamke aliyekula, *vayokhal* ni mwanamume. Kwa hiyo ukisoma aya, orodhesha vitenzi vyake kwanza, kando ya kila kimoja andika nafsi, idadi na jinsia, kisha ndipo uulize nani anasema na nani anaambiwa. Wengi hukosea kwa kuanza na kamusi.

Dhana: Mungu aliwalaani Adamu na Hawa.

Fuatilia neno *arur*, "amelaaniwa". Katika sura ya 3 linatokea mara mbili: nyoka katika 3:14, na ardhi katika 3:17, "kwa ajili yako". Mwanamke anatangaziwa uchungu, mwanamume jasho na mavumbi, na adhabu hizo ni nzito. Hata hivyo, hakuna kati yao anayeambiwa "umelaaniwa". Binadamu wa kwanza kuambiwa hivyo ni Kaini, katika 4:11.

Dhana: Alama ya Kaini ilikuwa adhabu.

Ilikuwa ulinzi. Laana inatamkwa katika 4:11-12. Kaini analalamika kwamba yeyote atakayemwona atamuua. Mungu anajibu kwa kutangaza kisasi mara saba juu ya atakayemuua, na baada ya hapo anamwekea *ot*, ishara, ili asiuawe. Neno hilohilo linatumika kwa upinde wa mvua katika 9:12. Maandiko hayasemi ishara hiyo ilionekanaje, na hayataji ngozi.

Dhana: Hamu alilaaniwa, na Waafrika wakarithi laana hiyo.

Hapa inafaa kusoma polepole kuliko mahali pengine popote, kwa sababu dhana hii imeumiza watu. Ilitumika Marekani kutetea utumwa. Ilifika kwetu pia: mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke, aliyepita Unguja, Karagwe na Buganda, aliandika katika kitabu chake cha 1863 kwamba Hamu alilaaniwa na babaye, akaitumia hoja hiyo kuieleza hali ya watu aliowakuta.

Fungua 9:25. Maneno ni *arur Kenaan*, "alaaniwe Kanaani". Katika aya ya 25 hadi 27 jina la Kanaani linatajwa mara tatu. La Hamu halimo hata mara moja. Anayesema ni Nuhu, baada ya kulevuka. Mungu hasemi chochote katika tukio hilo, na katika 9:1 alikuwa amewabariki Nuhu na wanawe wote, Hamu akiwemo.

Sasa nenda 10:6. Wana wa Hamu ni wanne: Kushi, Misraimu, Putu na Kanaani. Kushi ni nchi iliyo kusini mwa Misri, na mtu wa huko ndiye Mkushi ambaye ngozi yake inatajwa katika Yeremia 13:23. Kushi hakulaaniwa. Uzao wa Kanaani unaelezwa katika 10:15-19, na mpaka wake unatoka Sidoni hadi Gaza, pwani ya mashariki ya Bahari ya Kati. Aliyeipeleka laana Afrika alilazimika kumruka Kanaani, kisha kumtwika Kushi maneno asiyoambiwa.

Dhana: Wanaume wana ubavu mmoja pungufu.

Hapana. Wanaume na wanawake wana jozi 12 za mbavu.

Dhana: Ukijua mzizi wa neno, umejua maana yake.

*Lechem* ni mkate na *milchamah* ni vita. Konsonanti za mzizi ni zilezile tatu, na hakuna anayeona vita ndani ya mkate. Maana hutoka katika matumizi. Mfano ni *tsela* ya Mwanzo 2:21, neno linalotafsiriwa "ubavu": itafute kwa itifaki ya Biblia ya Kiebrania, yaani orodha ya maneno na aya yanamotokea, uisome kila inapotokea. Katika Kutoka 25:12 ni upande wa sanduku la agano, katika 26:20 ni upande wa maskani. Anza na kitabu unachosoma, kisha vitabu vingine vya Torati, kisha vilivyobaki, na zingatia kinachozungumziwa kila mara: mwili, jengo au chombo.