Je, wajua kwa nini mbwa wa manyoya mengi hanyolewi wakati wa joto?

Kiangazi cha Januari kikikaza huku Uganda, wenye German Shepherd na Husky tunawaza kitu kimoja, anyolewe. Na mimi niliamini hivyo miaka mingi, wangu nilimnyoa mpaka ngozi ikaonekana nikidhani namsaidia, kumbe nimemwanika juani. Shida tunampima mbwa kwa mwili wetu: sisi tunatoka jasho kila mahali, ukivua shati upepo unakausha lile jasho unapoa. Mbwa hana jasho hilo, tezi zake ziko kwenye nyayo na msaada wake ni mdogo sana, yeye anapoa kwa kuhema ulimi nje, unyevu wa mdomoni na puani unageuka mvuke na kuondoka na joto. Sasa ukimvua hilo shati lake, jasho gani litakauka?

Manyoya yake yana tabaka mbili, marefu magumu juu, sufi laini chini. Chukua nyumba ya nyasi kule Gulu na ya mabati, saa nane mchana. Nyasi zenyewe hazina ubaridi wowote, ila zimeshika hewa katikati, na hewa iliyotulia inapitisha joto polepole, kwa hiyo jua linachoma juu na ndani unakaa vizuri. Kumnyoa mbwa ni kuezua nyasi. Na kwa Husky na wenzake manyoya mengine yanachelewa miezi kurudi, au yanaota mabaka mabaka.

Lakini nyumba hiyohiyo ukikoka moto ndani, joto linakaa. Ndo maana mbwa akikimbizwa mchana manyoya hayamsaidii tena, mtembeze kabla ya saa mbili asubuhi au jua likizama. Na sufi iliyokufa ikisongamana haina hewa, mchane mara kwa mara itoke. (Poodle ni habari nyingine, nywele zake zinakua tu, yeye hupunguzwa.)

Pale Entebbe karibu na ziwa hewa ina unyevu, mvuke hautoki haraka, hata kuhema kunapungua nguvu. Utamwona anachimba chini ya mwembe analaza tumbo kwenye udongo baridi, pale manyoya ni machache, muache achimbe tu. Joto lake la kawaida ni kama nyuzi 38 hadi 39, likipita 41 ni hatari: akianza kuyumba au kutapika mmwagie maji ya baridi mwili mzima, mpepee, halafu mbio kwa daktari wa mifugo.