Lenzi ya mtoto wa jicho: usisubiri "akomae" ndipo uje kuchagua

Mtoto wa jicho ni nini?
Ni lenzi ya asili ya jicho iliyopoteza ung'avu. Si utando wa kukwangua. Daktari huitoa na kuweka lenzi bandia, ambayo hukaa humo maisha yote.

Nisubiri akomae kwanza?
Hapana. Tafadhali, hapana. Tunawapokea watu wanaoshikwa mkono hadi kwenye kiti, tochi ikimulikwa machoni wanaona mwanga tu, vidole hawavioni. Ukiwauliza walikuwa wapi: "Niliambiwa nisubiri aive." Lenzi iliyokomaa huwa ngumu, na kuitoa huwa kazi ya hatari zaidi. Ikivimba inaweza kupandisha presha ya jicho ghafla na kuua mshipa wa fahamu wa kuonea. Mshipa huo ukifa, hakuna lenzi itakayokurudishia nuru. Njoo pale kusoma, kuendesha gari au kushuka ngazi kunapoanza kukupa shida.

Lenzi zipo za aina gani?
Inayotumika zaidi ni ya umbali mmoja: mbali unaona vizuri, kusoma unavaa miwani. Ya umbali zaidi ya mmoja hupunguza haja ya miwani, ila usiku taa zinaweza kuzungukwa na duara za mwanga, jambo linalowasumbua madereva. Ipo pia ya kurekebisha astigmatizimu, yaani mpindo wa jicho usio sawa unaofanya picha ififie.

Ya bei ghali ndiyo bora?
Si lazima. Retina (pazia la nyuma ya jicho linalopokea picha) ikiwa imeharibiwa na kisukari, au ukiwa na glakoma (ugonjwa unaoharibu mshipa wa kuonea, mara nyingi kwa presha ya jicho), lenzi ya umbali zaidi ya mmoja huenda ikakupunguzia ubora wa kuona. Mweleze daktari kazi zako za kila siku kabla ya kuulizia bei.

Kwa nini vipimo vingi kabla ya upasuaji?
Namba ya lenzi, yaani nguvu yake, hutokana na urefu wa jicho na mpindo wa konea (kioo cha mbele ya jicho). Urefu ukikosewa kwa milimita 1 tu, namba hukosewa kwa zaidi ya dayopta 2 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi). Kama unavaa lenzi za kubandika juu ya jicho, uliza uziache siku ngapi kabla ya kupimwa. Na hapa narudia: mtoto wa jicho akikomaa sana, mwanga wa mashine haupenyi na retina haionekani. Uliyesubiri umejipunguzia hata nafasi ya kuchagua.

Matone ya kumyeyusha mtoto wa jicho je?
Hayapo. Anayekuuzia anakula muda wa jicho lako.

Jicho likiwa jekundu na kuuma ghafla?
Njoo leo hii, hata kama ni usiku.