Ushuru wa forodha haulipwi na China

Tangu Marekani ilipoanza kutoza bidhaa za China ushuru wa asilimia 25, Julai 2018, wengi wameamini kwamba Beijing ndiyo inayolipa. Si kweli, na kosa hili linaumiza watu.

Tuchukue kontena moja la vipuri vya mashine linaloshushwa bandari ya Long Beach, Marekani. Wakala wa forodha anajaza fomu: thamani ya mzigo, dola 100,000. Dola 25,000 zinatoka kwenye akaunti ya kampuni ya Kimarekani iliyoagiza. Kiwanda cha China hakitozwi hata senti. Mwagizaji ama anameza hasara, ama anapandisha bei. Wapo wauzaji wa China walioshusha bei kidogo, lakini tafiti za wachumi zilikuta kwamba karibu gharama yote ilibaki Marekani.

Wanaoutetea ushuru huu husema Marekani isitegemee viwanda vya China, mpinzani wa kiimla; hoja hiyo ni nzito, nami naiheshimu. Ila anayeitetea aitaje na gharama yake. China ilijibu kwa kutoza ushuru soya ya Marekani, na Washington ikalazimika kutangaza misaada ya dola bilioni 28 kwa wakulima wake, mwaka 2018 na 2019.