Kabla Hujanunua Rauta Mpya, Hamisha Uliyonayo

Kazi yangu ni kufunga mitandao majumbani, na malalamiko ninayoyasikia kuliko yote ni haya: "Fundi, nimelipia Mbps 20, sebuleni mambo safi, lakini chumbani hata picha ya WhatsApp haifunguki. Niongeze kifurushi?" Usiongeze. Mara nyingi kasi uliyoilipia inafika kwako kamili, halafu inapotea humo humo ndani, kati ya rauta na simu. Ukilipia Mbps 50, nazo zitapotea palepale.

Tatizo huanza siku ya kufungiwa. Fundi wa kampuni anavuta waya wa fiba kutoka kwenye nguzo, anatoboa ukuta ulio karibu na barabara, anatafuta soketi iliyo jirani, anamaliza. Waya ulipoishia ndipo rauta inapokaa. Simlaumu, maana amelipwa kuleta laini, hakulipwa kuzunguka vyumbani kupima. Ila ndiyo maana rauta nyingi ziko kona ya sebule, nyuma ya televisheni, juu ya king'amuzi, tena ndani ya kabati lenye mlango, na sehemu kubwa ya mawimbi yake inamhudumia jirani na geti.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa hela, jua kwanza kama ugonjwa uko kwenye laini au kwenye waifai. Chomeka kompyuta kwenye rauta kwa kebo, zima waifai ya kompyuta hiyo, pima kasi. Kisha pima kwa simu ukiwa mita mbili kutoka kwenye rauta, kisha nenda chumbani upime tena. Kebo ikitoa 20 na chumbani ukapata 3, kampuni haihusiki. Kebo yenyewe ikitoa 3, wapigie na uwatajie namba hizo. Na kama taa iliyoandikwa LOS inawaka nyekundu, mwanga wa fiba haukufikii kabisa. Hapo hakuna cha kuhamisha, subiri fundi wao.

Nguvu ya mawimbi ina kipimo chake, na programu za bure za simu za Android zinakionyesha. Ni namba hasi za dBm. Ukiona -50 uko vizuri sana. Kwenye -67 simu ya video bado inaenda bila kukwama. Ukifika -80, unaona alama ya waifai juu ya kioo lakini hakuna kinachofunguka. Jambo la kukumbuka ni kwamba kila unaposhuka 10, nguvu inabaki sehemu moja ya kumi. Kutoka -60 hadi -80 umepoteza asilimia 99 ya nguvu uliyokuwa nayo.

Na kuta zetu zinakula nguvu hiyo kweli kweli. Maelekezo mengi yanayokuja na rauta yameandikwa kwa ajili ya nyumba za mbao na jipsamu, ambako ukuta mmoja unapunguza kidogo tu. Ukuta wa tofali za saruji za inchi sita, uliopigwa plasta pande zote mbili, unaweza kula 10 au zaidi peke yake, hasa kwenye masafa ya 5 GHz. Zege la ghorofa lenye nondo ni baya zaidi. Nyumba za Mji Mkongwe Zanzibar, zenye kuta nene za mawe na chokaa, usitegemee rauta moja kabisa. Huko mawimbi yanapita milangoni na uani, hayapiti ukutani.

Nikuonyeshe nyumba moja ya Mbezi Beach, Dar es Salaam. Sebule iko mbele, korido inapita katikati, vyumba viko nyuma na masta, chumba kikuu cha kulala, iko mwisho kabisa. Sebuleni nilipima -45, kitandani kwa masta -84. Kati ya pointi hizo mbili kulikuwa na mlango wa kabati la televisheni, kuta tatu, na kabati la nguo lenye kioo kirefu. Kioo cha kujitazamia kina madini nyuma yake na kinarudisha mawimbi. Vivyo hivyo friji, tangi la maji na milango ya chuma. Tulinunua waya mwembamba wa fiba wa mita 10 wenye vichwa tayari, tukaupitisha juu ya fremu za milango, tukaitundika rauta koridoni kwenye kimo cha mita mbili hivi, antena zikiwa wima. Masta ikapanda hadi -63. Sebule ikashuka hadi -52, na hakuna aliyeona tofauti. Rauta ileile, kifurushi kilekile. Ukinunua waya huo angalia rangi ya kichwa: cha kijani hakioani na cha bluu hata kikiingia. Na usiukunje kama waya wa umeme, mwanga utavuja.

Antena wima inasambaza mawimbi kwenda pembeni, si juu. Ukilaza moja, inasaidia kidogo kwa chumba cha ghorofani. Na rauta isifichwe juu ya dari. Chini ya bati saa nane mchana kuna joto la kuiua taratibu.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Aliye mbali hateseki peke yake, anawachelewesha wote. Rauta kwa kawaida inahudumia kifaa kimoja kimoja kwenye chaneli yake, yaani njia ya mawimbi inayotumia. Simu yenye mawimbi dhaifu inalazimika kuongea polepole: pakiti moja, yaani kifurushi kidogo cha data, ya baiti 1,500 kwa kasi ya Mbps 6 inachukua milisekunde 2, wakati aliye karibu angeimaliza kwa sehemu ndogo ya milisekunde moja. Ni kama foleni ya bombani. Mwenye dumu la mdomo mwembamba anawasimamisha wenye ndoo. Kwa hiyo kuboresha chumba cha mwisho kunaongeza kasi hadi sebuleni.

Kuhusu masafa: 2.4 GHz inapenya zaidi lakini imejaa, 5 GHz ina kasi lakini inachoka mapema. Acha zote mbili. Kwenye 2.4 chagua chaneli 1, 6 au 11 tu, upana wa 20 MHz, maana zilizo katikati zinagongana na majirani wa pande zote mbili. Kwenye maghorofa ya Kariakoo au Sinza hili peke yake linaleta nafuu.

Nyumba ikiwa kubwa, watu hukimbilia kifaa cha kurudia mawimbi na kukichomeka kwenye chumba kile kile kisichoshika. Kinarudia nini hapo? Kikae katikati ya njia, pale ambapo bado kuna -65. Hata hivyo vile vya bei rahisi hupokea na kutuma kwenye chaneli moja, kwa hiyo kasi inapungua karibu nusu. Mimi napendekeza kebo. Rauta yako ya zamani inafaa kabisa: ingia kwenye mipangilio yake, zima DHCP (kazi ya kugawia vifaa anwani, inabaki kwa rauta kuu), ipe anwani ya IP tofauti na ya rauta kuu, iunganishe kwa kebo kutoka tundu la LAN hadi tundu la LAN, basi una kituo cha pili. Hakikisha nyaya zote nane za ndani ya kebo zimebanwa; nne zinaishia Mbps 100. Kwangua ncha ya waya kwa kisu kabla ya kulipa. Ikionekana nyeupe ndani, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, achana nayo.

Wanaotumia rauta ya laini ya 4G au 5G wana mtihani wao. Rauta inataka dirisha linalotazama mnara, nyumba inataka rauta katikati. Mpe mnara haki yake kwanza, kisha usambaze ndani kwa kebo kama nilivyoeleza.

Mwisho, umeme. Fiba ya majumbani kwa kawaida haina kifaa kinachohitaji umeme kati ya kituo cha kampuni na kwako, kwa hiyo umeme wa mtaa ukikatika laini mara nyingi bado ni nzima. Kinachozimika ni rauta yako. UPS ndogo ya rauta, yaani kifaa cha umeme wa akiba, yenye betri ya wati-saa (Wh) 32 hivi, kwa rauta inayokula wati 8, kwa hesabu inatoa saa 4, tegemea 3. Soma kibandiko chini ya rauta kabla ya kununua. Volti lazima zilingane, iwe 9 au 12, ampea ziwe sawa au zaidi, na mchoro wa chanya na hasi ufanane. Na kama rauta inajizima na kujiwasha yenyewe jioni watu wote wakiwa nyumbani, badilisha adapta kwanza. Ikichoka, volti zinashuka pale mzigo unapoongezeka.