Masomo ya baada ya skuli si ya watoto wazito tu

Unguja na Pemba bado husemwa kwamba masomo ya jioni ni ya mtoto mzito wa kichwa. Sivyo. Darasa likijaa, hata mtoto mwepesi hukosa nafasi ya kusahihishwa.

Chukua 1/2 + 1/3. Wengi huandika 2/5: wamejumlisha juu kwa juu, chini kwa chini, wala hawaoni kuwa 2/5 ni ndogo kuliko nusu waliyoanza nayo. Kwenye kikundi cha watoto sita, wakishatoka chuoni (madrasa), mwalimu hugawa mikate miwili ya boflo iliyo sawa, kila mkate vipande sita. Nusu ya mkate mmoja ni vipande 3, theluthi ya wa pili ni 2; jumla vipande 5, yaani 5/6 ya mkate.

Kinachoharibu ni kunakili notisi mpaka magharibi. Dakika 45 zinatosha, mradi mtoto ajibu daftari likiwa limefungwa.